Juma na Asha wa Kwenye Mifano

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, mkanisifu kwa mambo ambayo sikuyafanya. Aliyesoma risala alisema nimeziinua lugha za kusini. Sikuinua lugha yoyote. Nilizikuta zimesimama zenyewe, nikawauliza wenye nazo maswali mpaka wakachoka. Baada ya pilau, binti mmoja kati yenu, yule anayekaa karibu na dirisha, alinifuata akaniuliza kwa sauti ya chini kitu ambacho sikuwahi kuulizwa kwenye kikao chochote: "Mama, hasa ulikuwa unafanya kazi gani?" Namjibu yeye. Nyinyi wengine mnaweza kuchungulia.

Nilikuwa navunja vikombe.

Nilipoanza, ofisi yetu ya Lindi ilikuwa chumba kimoja, meza moja na Mwalimu Hamza. Alikuwa mtu wa Kilwa, mwembamba, aliyefundisha shule ya msingi kwa muda mrefu kabla ya kuhamia kwenye utafiti wa lugha, na hakuacha ile tabia ya kumtazama kila mtu kama hajafanya kazi ya nyumbani. Alinikaribisha chai. Nilipomaliza akachukua kikombe changu, akakinyoosha mbele yake, akakiachia. Vipande vikaenda mpaka chini ya kabati.

"Nimefanya nini?" akaniuliza.

"Umevunja kikombe, Mwalimu."

"Na kikombe?"

"Kimevunjika."

Akaipiga meza kofi. "Na sasa?"

"Umepiga meza."

"Na meza?"

Nikaitazama. Meza ilikuwa vile vile. "Meza imepigwa," nikasema.

"Na nani?"

"Na wewe."

"Na kikombe kimevunjika na nani?"

"Kimevunjika tu."

"Basi," akasema, "fagia hapo, tuanze kazi."

Nilichofundishwa asubuhi ile ndicho nilichokihangaikia mpaka mliponipa saa. Kitenzi kuvunja kinakuambia kitu kimekuwaje. Kikombe kilikuwa kizima, sasa ni vipande, na ukishaviona vipande unaweza kumsahau aliyekishika. Kwa hiyo lugha inakuruhusu useme kimevunjika, unyamaze, na sentensi imekamilika. Kupiga hakusemi meza imekuwaje, kunasema mtu amefanya nini. Ukimwondoa mtu huyo hakuna kilichobaki cha kusimulia. Ndiyo maana kamba hukatika, nguo huchanika na mlango hufunguka, lakini meza haipigiki yenyewe. Najua vijana wa Dar wanasema "nimepigika." Wanamaanisha maisha yamewachakaza, na hata hapo msikilizaji anaelewa kuna aliyepiga. Maana ya kitenzi ndiyo inayoamua sentensi iwe na watu wangapi, na nani kati yao anaruhusiwa kuondoka bila kuaga. Hiyo ndiyo taaluma nzima. Mengine ni semina.

Mwalimu Hamza alikuwa akisema kila kitenzi kina mikeka yake. Kulala kunatandika mmoja, kupiga miwili, kupa mitatu. Ukisema "Mwanaidi amempa" ukaishia hapo, watu watakukodolea macho mpaka uwaambie amempa nini. Kisha ukikinyambua kitenzi unaongeza mkeka au unakunja. Pika ukiifanya pikia umemkaribisha mlaji. Kula ukiifanya lisha umemleta mwenye kijiko. Kufa ni kwa mtu mmoja, ila kufiwa kunamwita na yule aliyebaki. Na kuna maajabu mengine tunayoyasema kila siku bila kushtuka: kitanda hiki kinalala watu wawili, sinia hili linakula watu sita. Kitanda hakijawahi kulala hata siku moja, na hakuna aliyelalamika.

Nilipozoea kazi niligundua kwamba hata ofisi yetu inaishi kwa kukunja mikeka. Gari limeharibika. Mafuta yamemwagika. Kiti cha wageni kimevunjika. Tangu niajiriwe mpaka nastaafu, hakuna mtumishi aliyeharibu, aliyemwaga wala aliyevunja.

Basi tulikwenda vijijini na vitu vya kuharibu. Njia yetu ilikuwa kufanya jambo mbele ya msemaji, kisha kumwuliza kwa lugha yake ya nyumbani kimetokea nini. Tulimwaga maji, tulichana vitambaa, tulikata kamba, na zaidi ya yote tulivunja vikombe. Tulivinunua Lindi mjini kwa Bwana Karim, ambaye babu yake alifungua lile duka na yeye hakuwahi kubadilisha hata kufuli. Alivumilia misimu kadhaa, kisha siku moja akaweka mkono juu ya boksi kabla hajaniachia.

"Mama, hivi vikombe vinakwenda wapi?"

"Vinavunjwa, Bwana Karim."

"Na nani?"

"Na serikali."

Akafikiri kidogo, akaondoa mkono. Alisema alidhani nimefungua hoteli ninamficha.

Mifano nitaitoa kwa Kiswahili, ingawa kazi ilikuwa ya Kimwera, Kimachinga na Kimatumbi. Lugha hizo mnazijua wote, angalau kwenye maombi yenu ya kazi.

Msisikie watu wakisema ugumu wa kazi hii ni barabara. Ugumu ni mtu mkweli. Kule kijijini Mtama tulikuwa na Mzee Chilumba, mkulima wa korosho, msemaji wa Kimwera ambaye kila neno lake ungependa kulihifadhi. Nilimwomba anisemee "mvua imenyesha." Akatazama nje. Jua lilikuwa linachoma mpaka kuku wamejificha.

"Haijanyesha," akasema.

"Najua, mzee. Tuseme kama imenyesha."

"Nitasemaje imenyesha na haijanyesha? Njoo masika."

Nikadhani anatania. Nikajaribu "mbuzi wangu amekufa." Akainuka kwenda kumtazama mbuzi. Mwalimu Hamza aliandika kwamba kitenzi hiki kishughulikiwe masika, nasi kweli tulirudi masika, tukakaa barazani kwa Mzee Chilumba kungojea mvua inyeshe ili mzee aseme imenyesha. Iliponyesha alisema vizuri sana. Makao makuu wakauliza kwa nini safari moja ya Mtama imetoa sentensi moja. Tukajibu kwamba hali ya hewa ilichelewa.

Kwa watu ambao hawakuwa kama Mzee Chilumba tulikuwa na mifano iliyotungwa Dar es Salaam, na ndani ya mifano hiyo waliishi watu wawili, Juma na Asha. Mnawafahamu. Mwalimu Hamza aliwaona kama herufi za hesabu, majina yasiyo na mwenyewe. Kwa Kimatumbi, kwa Kimwera, kwa Kimachinga, Juma alimpiga Asha, Asha alipigwa na Juma, Juma alimpigia Asha mtoto wake, Juma na Asha walipigana. Kwa mujibu wa makabati yetu, hakuna mhalifu aliyesumbua mikoa ya kusini kama Juma. Nilipata kumwuliza Mwalimu mbona Asha hampigi Juma hata mara moja. Akapekua, akaniambia yupo: "Asha alimpigia Juma simu."

Sasa Mchinga. Huko msemaji wetu mkuu wa Kimachinga alikuwa Bi Somoe, mama wa makamo ya juu, kungwi wa wasichana wengi wa pale, mtu ambaye ndoa hazifungwi wala hazifunguliwi kabla hajaulizwa. Bi Somoe hakuwa na shida ya Mzee Chilumba. Ukimpa sentensi anaivaa. Ukisema "watoto wamelala" anashusha sauti wasiamke. Tulipofika kwenye "Juma amempiga Asha" aliitamka polepole, akaguna mwishoni, akatikisa kichwa. Mwalimu Hamza alifurahi mno. Alisema huo ndio usemaji wa asili, si kama watu wanaosoma risala.

Utaratibu wetu ulikuwa kuwarudishia watu sauti zao. Tulichokirekodi tulikipiga hadharani kwa spika, majirani wa msemaji wasikie, na tuliandika sentensi imekubalika baada ya kuulizwa wasemaji watatu. Pale Mchinga tuliipiga kwenye banda la kukaushia mbata, wanawake wakiwa wanapasua nazi na wanaume wakipakia magunia. Siku hiyo tuliwauliza wasemaji wawili tu, Bi Somoe mwenyewe na mdogo wake. Wa tatu tulisema tutamtafuta safari ijayo. Tukafunga mitambo, tukarudi Lindi tumeridhika.

Kabla wiki haijaisha, mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mfaume, alimpigia simu Mwalimu Hamza. Alimsalimia kirefu, akamwuliza afya, watoto na jamaa wa Kilwa, mpaka Mwalimu akaanza kuogopa.

"Njooni, Mwalimu," akasema hatimaye. "Mmeacha maneno huku."

Mchinga palikuwa na Juma. Alikuwa mkwezi wa minazi, hodari, mcheshi, mtu wa kualikwa kwenye kila shughuli. Na mkewe aliitwa Asha. Sidhani kuna kijiji kutoka Kilwa mpaka Lindi kisicho na Juma na Asha, na katika idara nzima ya watu waliosoma hakuna aliyewahi kuliwaza hilo. Watu wa banda la mbata walikuwa wamesikia, kwa sauti ya Bi Somoe, na guno lake juu, mbele ya watu wa serikali waliokuja na gari kurekodi, kwamba Juma amempiga Asha, kwamba Asha amelia, kwamba Asha amemkimbia Juma. Nani angedhani Bi Somoe amepewa maneno ya kusema? Na nani angeamini kuwa watu wazima huajiriwa kutembea na habari za mambo ambayo hayakutokea?

Kulikuwa na jambo jingine lililowafanya waamini. Asha alikuwa na mkono uliofungwa plasta ngumu tangu kabla hatujafika. Kijiji kilikuwa na mkono uliovunjika usio na mvunjaji. Sisi tukaleta mpigaji.

Maneno yakafika kwa kaka yake Asha, fundi cherehani wa Mtama, naye akaja. Alipokelewa vizuri, akaelezwa kwamba ni uzushi wa kwenye mashine. Akasema yeye ni mtu wa kusikiliza: kama dada yake hajapigwa, atamwomba shemeji yake radhi mbele ya watu na Asha atabaki kwa mumewe, kama amepigwa, ataondoka naye siku hiyo hiyo. Kikao kikapangwa, na sisi tukaitwa tuje tuseme ukweli.

Njiani Mwalimu Hamza hakuwa na wasiwasi kabisa. Ukweli alikuwa nao. Sentensi ilitungwa Dar es Salaam na mtu ambaye hajawahi kufika Mchinga, na alibeba mifano yote ili aonyeshe Juma huyo huyo akimpiga Asha Kilwa na Mtama kwa wakati mmoja. "Tutasema, wataelewa, tutakunywa chai," akaniambia. Kibali cha kufanya kazi kijijini kilikuwa mikononi mwa Mzee Mfaume, na Kimachinga kilikuwa nusu ya kamusi yetu.

Tulifika mapema. Nilizunguka nyuma ya ofisi ya kijiji kutafuta maji ya kunawa, nikamkuta mwanamke amekaa peke yake juu ya kinu kilicholazwa, mkono wa kushoto umening'inizwa kwa kanga shingoni. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria. Ajabu ni kwamba nilikuwa nimemfikiria.

"Shikamoo," akaniambia.

"Marahaba. Pole na mkono, mdogo wangu."

"Nimeshapoa. Umevunjika."

"Ilikuwaje?"

"Nilikuwa nakuna nazi."

Alilijibu hilo kama mtu aliyeulizwa mara nyingi. Nikamtazama. Mimi nakuna nazi tangu utoto, na mama yangu alikuna mpaka uzeeni, na katika ukoo wetu wote hakuna aliyevunjika mkono juu ya mbuzi ya kukunia. Nilitaka kumwuliza umevunjika au umevunjwa, nikaona aibu. Swali hilo nilikuwa nimewauliza wageni kwa makumi juu ya vikombe, na sasa halikutoka. Yeye akaniuliza kama ni mimi niliyekuja na ile mashine. Nikasema ndiyo. Akasema, "Sauti yake inafika mbali," akaangalia pembeni, na mwito wa kikao ukaja.

Wanaume walikaa kwenye viti na mabenchi ya baraza, wanawake kwenye mkeka upande wa mlango, Bi Somoe mbele yao. Juma alikuwa amevaa shati la Ijumaa. Alinisalimia kwa adabu, akamwuliza Mwalimu Hamza kama barabara imemsumbua. Mama yake alikaa karibu na Asha, amemwekea mkono mgongoni.

Mwalimu Hamza alizungumza vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia kwenye kongamano lolote. Aliomba radhi kwa usumbufu. Alieleza kwamba Juma na Asha wa kwenye mashine si watu, ni mfano, sawa na mwalimu wa hesabu anaposema mtu ana maembe kumi. Bi Somoe hakushuhudia chochote, aliombwa aseme, naye kwa hisani yake akasema. Bi Somoe akaitikia, "Kweli, niliombwa." Mzee mmoja akauliza kwa nini basi wasingesema Juma amempa Asha kanga. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ipo, ni namba nyingine. Watu wakacheka. Hewa ya kikao ikalegea, nikaona mabega ya kaka yake Asha yanashuka.

Kila alichokisema kilikuwa kweli. Sentensi yetu ilikuwa ya kubuni, na kwa kuwa ilikuwa ya kubuni, Asha alikuwa anarudishwa nyumbani. Hakuna aliyeuliza juu ya mkono. Mkono ulikuwa umevunjika, na hiyo ilikuwa sentensi kamili.

"Basi, ndugu zangu," akasema Mzee Mfaume, "tumesikia kutoka kwa wenyewe. Hakuna kilichotokea. Shemeji atampa mkono shemeji yake, tusome fatiha, wageni wetu wapate chai."

Kaka yake Asha akainuka. Nami nikainuka, kabla sijajua nitasema nini. Niliogopa. Niliogopa kibali, nilimwogopa Mwalimu Hamza ambaye nilimpenda kama mzazi, na zaidi niliogopa kwamba Asha atanitazama na kusema alikuwa anakuna nazi. Nilichokuwa nacho kinywani ni kazi yangu tu.

"Mwenyekiti, samahani. Kwetu sentensi haifungwi mpaka iulizwe kwa wasemaji watatu. Hii imeulizwa kwa wawili. Msemaji wa tatu bado."

Mzee Mfaume akaniangalia kama niliyekuja kudai kiti. "Dada yangu, si mwalimu wako ameshasema ni mfano?"

"Ni mfano. Na mifano huulizwa."

Mwalimu Hamza aligeuka akanitazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa na ule uso wa kuuliza kazi ya nyumbani. Alimtazama Asha, akautazama mkono. Kisha akasema, "Ni utaratibu wetu, Mwenyekiti. Haichukui muda."

Sikumwendea. Nilibaki niliposimama, nikauliza kwa Kimachinga changu kibaya, kwa maneno yale yale tuliyomwuliza kila mtu kila mahali. "Asha, tumeambiwa sentensi hii: Juma amempiga Asha. Kwa lugha yako, ni sawa hivyo, au wewe ungesemaje?"

Mama mkwe akaondoa mkono mgongoni mwa Asha, akaurudisha. Asha alitazama mkeka. Nilishasubiri wasemaji wengi maishani mwangu, hata mvua nimeisubiri, lakini kusubiri kule kuliniumiza.

"Ni sawa," akasema. "Ila imekatwa."

"Imalizie."

"Juma amenipiga kwa mchi, jikoni, mama yake akiona. Mkono haukuvunjika. Ameuvunja Juma."

Hakuinua sauti. Alisema kama anayetaja vitu vilivyomo chumbani. Mama mkwe akasema "Astaghfirullah," akavuta mtandio usoni, na hakusema si kweli. Nyuma ya mkeka mwanamke mmoja alianza kulia, hata simjui. Bi Somoe aliguna guno lile lile la kwenye mashine, na safari hii hakuna aliyemwomba.

Wote wakamgeukia Juma. Alikuwa anayaangalia mapaja yake. "Wazee wangu," akasema, "hasira zilinipanda. Shetani alinipitia. Ikatokea."

Nisikilizeni hapa, nyinyi mnaojifunza kazi. Katika maisha yangu yote ya utafiti sikuwahi kupewa sentensi tatu safi kama hizo, zote za mtu mmoja, zikifuatana. Ya kwanza hasira ndizo zinazopanda na Juma ndiye anayepandwa. Ya pili mtendaji ni shetani. Ya tatu haina mtu kabisa. Mkononi nilikuwa na kalamu, na sikuandika. Nilikuwa na hasira yangu mwenyewe, ambayo haikunipanda kutoka popote. Ilikuwa yangu.

"Hasira hazikushika mchi, Juma," akasema Asha. "Ulishika wewe."

Mzee mmoja akaanza kusema kwamba mambo ya ndani ya nyumba yana njia zake, kwamba shetani kweli hupita, kwamba mke na mume. Kaka yake Asha hakumsubiri amalize. Alimsaidia dada yake kuinuka kwa mkono ule mzima, akamwuliza vitu vyake viko wapi. Bi Somoe akainuka pia, akasema atakwenda naye kuvifunga, na hapo nikajua imekwisha, maana hakuna mwanamume wa Mchinga ambaye angesimama mlangoni kumzuia Bi Somoe.

Chai hatukunywa. Tulipofika Lindi Mwalimu Hamza akazima gari, akakaa ameshika usukani. "Nimefundisha tofauti ya kupiga na kuvunja tangu hujaolewa," akasema. "Nimeuona ule mkono tangu tulipokaa, nikafurahi kwamba hautuhusu." Kisha akashuka, akafunga mlango wa gari taratibu sana.

Makao makuu walishtuka ipasavyo. Si kwa mkono, kwa kikao. Ulikuja waraka wa kurasa kadhaa uliosema kwamba kumejitokeza hali iliyosababisha kutoelewana, nikausoma mara mbili kumtafuta mtu aliyefanya jambo lolote, sikumwona. Juma na Asha wakastaafishwa kabla yangu. Kuanzia hapo mifano yote ikawa ya Mtu wa Kwanza na Mtu wa Pili, na kitenzi piga, ambacho hakikuwa na kosa, kikahamishiwa kwenye pasi na ngoma. Mkifungua kamusi yetu mtaona kusini ni nchi ya amani kubwa, watu wanapiga ngoma tu. Pia ikaamriwa kwamba sauti yoyote tutakayorekodi majina yafutwe, kwa ajili ya kuwalinda wahusika. Amri hiyo ni nzuri, na bado mnaifuata, na mnapaswa kuifuata.

Asha alikuja ofisini baada ya plasta kutolewa. Alikuwa anaishi Mtama kwa kaka yake, anashona vifungo na kupindia. Mkono ulikuwa umepona vibaya kidogo, haunyooki wote, lakini sindano ulishika. Aliniambia Mchinga wanasema watu wa mashine ndio waliomfundisha maneno, na kwamba mbele ya kikao alisema nusu tu kwa sababu ya kuona haya. Alitaka kusema yote, kwa sauti yake, kwenye mashine ile ile, kisha tuipige palepale kwenye banda la mbata ambapo ya kwanza ilisikika.

Nilimwandalia kiti, nikawasha. Sikumpa mfano wowote. Alizungumza kwa Kimachinga mchana ule mpaka betri zikabadilishwa, na hakuna kitenzi alichokiacha bila watu wake. Nani, nani, kwa nini, wapi, nani alikuwa amesimama mlangoni, nani alisikia akaongeza sauti ya redio. Mwalimu Hamza alikuja akasimama kizingitini, akasikiliza, akaenda kukaa nje kwenye ngazi.

Alipomaliza nilizima mashine, nikamweleza amri. Nikamwambia kwamba kwa usalama wake lazima nifute jina lake kila linapotajwa, niweke mlio mdogo mahali pake, na la Juma vivyo hivyo.

Alinitazama, akanifikiria kwanza.

"Dada, mlipokuwa mnalitembeza jina langu kila kijiji, mliniuliza?"

"Hatukukuuliza."

"Leo nimelitaja mwenyewe, ndiyo mnalifuta?"

Nikasema la kwake naweza kuliacha, akiniruhusu mwenyewe, na lawama nitaibeba. La Juma ndilo gumu. Juma hakuniruhusu.

"Basi futa lote," akasema. "Ila kwanza niambie. Ukilitoa hilo la Juma, atakuwa amenivunja nani?"

Yote mawili nikayaacha.